Chembe cha kulungu: shajara ya mradi, Julai hadi Novemba 2024

Hii ni kumbukumbu ya kutafuta chembe kitakachonifaa kuwindia kulungu hapa Ohio, Marekani. Naongeza kila hatua inapokwisha, na makosa sifichi, maana ndiyo yaliyokula pesa.

Neno kwanza. Chembe ni kile chuma cha mbele ya mshale, wingi vyembe. Wengine husema kigumba. Wamarekani hukipima kwa greni, kipimo kilichotokana na punje ya shayiri, kwa hiyo kwetu sisi ni chembe kupimwa kwa chembe. Greni 100 ni gramu 6.5, greni 125 ni gramu 8.1.

6 Julai 2024: Kwa nini naanza

Novemba iliyopita nilimpiga kulungu jike jioni, mita kama ishirini kutoka kwenye ulingo, nikampoteza. Mshale uliingia nyuma ya pale nilipokusudia. Damu niliiona hatua arobaini za mwanzo, kisha matone, kisha majani matupu. Nilitafuta mpaka saa sita za usiku, na kesho yake kutwa. Kichakani niliokota kipande cha mbele cha mshale. Chembe kilikuwa cha aina ya kufunguka, chenye nyembe mbili: mmoja umefunguka, wa pili umelala vilevile ulivyotoka dukani.

Kosa la kwanza ni langu, nilipiga vibaya. Lakini pia chembe kile nilikinunua kwa kutazama picha ya kasha, sikukipima wala kukijaribu. Mnyama aliyekufa porini bila kuliwa hajanitoka moyoni.

Mimi ni mtoto wa Malindi. Kenya uwindaji umepigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo upinde nimeushika ukubwani, huku Columbus. Aliyenifundisha ni mfanyakazi mwenzangu, Mmarekani wa rika la baba yangu. Nilimzoea kwa jina la Mzee, na sasa kazini wote wanamwita Mzee bila kujua maana yake.

Masharti ya Ohio kwa ufupi: upinde usipungue ratili 40 za kuvuta, chembe kiwe na makali mawili au zaidi na upana usiopungua robo tatu ya inchi (milimita 19), vya kufunguka vinaruhusiwa, sumu ni marufuku. Ukiwinda kwenye shamba la mtu sharti uwe na ruhusa yake ya maandishi. Msimu wa upinde mwaka huu unafunguliwa tarehe 28 Septemba. Bajeti niliyomwambia mama watoto ni dola 200.

13 Julai: Hesabu na ununuzi

Upinde wangu ni wa kampaundi, ule wenye magurudumu, ratili 60, mvuto wa inchi 28. Mshale mzima pamoja na chembe cha greni 100 una greni 412, yaani gramu 26.7. Dukani tuliupima kasi: futi 262 kwa sekunde, karibu mita 80. Nguvu yake ni jouli 85. Nikifunga chembe cha greni 125, mshale unakuwa gramu 28.3 na kasi inashuka hadi mita 77.7. Nguvu ni ileile, ila msukumo unaongezeka kidogo. Kwa kulungu wa kilo sitini tofauti hiyo si ya kumnyima mtu usingizi.

Nimenunua aina nne. Majina ya kampuni siyaweki, natumia herufi.

A ni cha kufunguka, nyembe mbili, greni 100. Kikiruka ni chembamba, kikigonga kinatanuka hadi inchi 2 (milimita 51). Vitatu dola 45.

B hakifunguki. Nyembe tatu za kubadilisha, greni 100, upana inchi 1 na moja ya nane (milimita 29). Vitatu dola 40.

C ni kipande kimoja cha chuma, nyembe mbili, kila wembe umenolewa upande mmoja tu kama patasi. Greni 125. Vitatu dola 84, na mkono ulitetemeka kulipa. Wapenzi wa aina hii humtaja sana Dkt. Ed Ashby, aliyejaribu vyembe kwa wanyama wakubwa huko Natal, Afrika Kusini, miaka ya 1980, na anayehimiza mishale mizito ya greni 650 na zaidi. Sina ugomvi naye, lakini kulungu wa Ohio si nyati.

D ni vya mtandaoni, kumi na viwili kwa dola 22, vyenye sura moja na B. Rahisi ghali, najua. Nilitaka kujua ni ghali kiasi gani.

Kosa la siku: C nimeagiza vya mnoleo wa kushoto. Chembe cha mnoleo wa upande mmoja kinajizungusha kikiingia nyamani, na mzunguko huo sharti ufuate upande ambao mabawa ya mshale yanauzungusha mshale hewani. Mabawa yangu yamepindwa kulia. Ukichanganya, mbele na nyuma ya mshale vinavutana. Kuvirudisha kwa posta kumenigharimu dola 9. Kabla ya kuagiza, angalia mabawa yako.

27 Julai: Mizani na kuzungusha

Nilinunua mizani ndogo ya greni, dola 25. A na B vyote vilikuwa ndani ya greni moja na kilichoandikwa. C vivyo hivyo. D vilianzia 91 hadi 108. Mtu akivifunga bila kuvipima, kila mshale utakuwa na njia yake.

Kisha jaribio la kuzungusha: unasimamisha mshale ncha chini kwenye kiganja au kioo, unauzungusha kama pia ya watoto, unatazama shingo ya chembe. Ikitulia, sawa. Ikicheza, chembe hakiko kwenye mstari wa mshale, na hewani kitaupeleka kando.

Hapa ndipo nilipopoteza wiki nzima. B viwili kati ya vitatu vilicheza. Nikakasirika, nikaandika barua ya kudai pesa zangu, nusura niitume. Mzee akaniuliza swali moja: "Umejaribu chembe hichohicho kwenye mshale mwingine?" Nikajaribu. Kikatulia tuli. Nikachukua chembe kilichotulia nikakifunga kwenye mshale wa kwanza. Kikacheza. Kumbe ugonjwa ulikuwa wa mishale, na mishale niliikata mimi mwenyewe kwa msumeno wa gurudumu bila kusawazisha mdomo wake. Soketi ya aluminiamu inayoshika chembe ilikuwa imekaa upande, pungufu ya unene wa ukucha, na hiyo ilitosha.

Kurekebisha kulizaa kosa la pili. Soketi nilizigandisha kwa gundi ya kuyeyuka kwa moto, kwa hiyo niliwasha jiko dogo la gesi nikapasha mdomo wa mshale. Kaboni haipendi moto. Mishale miwili ilifanya malengelenge na nyuzi zikaanza kuachana. Nimeivunja nikaitupa, dola 24, kwa sababu mshale wa kaboni ulioharibika unaweza kupasuka ukifyatuliwa na kuuingia mkono. Njia inayofaa ni hii: funga chembe cha mazoezi kwenye soketi, pasha hicho chembe chenyewe mbali na uti (mwili wa mshale), joto litembee polepole mpaka gundi ilegee, halafu vuta kwa koleo. Kisha nilinunua kile kifaa cha kusugulia mdomo wa mshale uwe sawasawa, dola 32, nikasugua yote na kuziweka soketi upya. Mishale kumi, yote imetulia.

D vitano kati ya kumi na viwili vinacheza hata kwenye mshale ulionyooka. Hivyo vimekwisha habari zao.

10 Agosti: Kuruka

Chembe cha mazoezi ni kidole cha chuma tu, hewa haikioni. Chembe cha kuwindia kina nyembe, na nyembe mbele ya mshale ni mabawa. Mshale ukitoka upindeni umekaa upande hata kidogo, nyembe zinashika hewa na kuuvuta kabla mabawa ya nyuma hayajaunyoosha. Ndiyo maana mtu hupiga katikati mwaka mzima, siku ya kuwinda mshale ukaenda kwingine.

Niliweka bonge la foamu la kupigia vyembe vya nyembe (dola 70, lile la zamani la magunia usilipige kwa nyembe, mshale hutautoa). Umbali mita 27.

A viligonga mahali pamoja na vya mazoezi, hata sikuhitaji kugusa kitu. Haki yake kipewe: kwa kuruka, cha kufunguka kinashinda.

B viligonga sentimita 10 kushoto na 5 chini ya vya mazoezi. Nilifanya ambalo kila mgeni hufanya: nikasogeza saiti, kile kifaa cha kulengea. B vikaingia katikati, vya mazoezi vikaenda kulia. Hapo sikuwa nimetibu kitu. Mshale ulikuwa bado unatoka umepinda, nimeuhamisha tu.

Kinachosogezwa ni kilalio cha mshale, pale mshale unapolala upindeni, na kanuni ni kuwapeleka wakosaji walipo wenzao: vyembe vya nyembe vikigonga kushoto, kilalio kiende kulia, vikigonga chini, kilalio kipande. Mimi, kwa haraka ya kuwahi swala ya magharibi, nilikisogeza kushoto. Tofauti ikawa sentimita 17. Nililala na hasira.

Kesho yake nilikirudisha, nikakisogeza kulia kidogo kidogo, kila hatua pungufu ya milimita moja, na kukipandisha mara moja. Baada ya hatua ya tatu, B na vya mazoezi vilikuwa kwenye duara moja la sahani ya chai. Upinde wenyewe umetulia zaidi mkononi, hata kelele imepungua.

C havikukubali kabisa. Vilitawanyika kama kuku waliotishwa. Sababu nadhani ni uzito: chembe kizito mbele kinaufanya uti uwe kama laini zaidi, na uti wangu wa 400 (hiyo ni namba ya ugumu wake) ulikuwa tayari ukingoni kwa greni 100. Ningehitaji mishale migumu zaidi, dazeni nzima. Kwa mita 18 vilikaa ndani ya kiganja, nikaviacha hapo.

Tahadhari: piga mshale mmoja kwa kila alama. Mimi nilirusha mitatu kwenye alama moja ili nione duara zuri. Mshale wa tatu ulichana mabawa ya wa kwanza na kupasua noki ya wa pili, kile kipande cha nyuma kinachoshika kamba. Dola 12.

24 Agosti: Makali

Kipimo changu ni mpira wa kufungia noti. Nautandaza kwenye kijisanduku, nagusisha wembe bila kukandamiza. Wembe wa kuwindia sharti uukate papo hapo. Ukiusukuma mpira kwanza, basi na mshipa wa damu utausukuma. Mshale hauui kwa kishindo kama risasi. Unaua kwa kukata mishipa damu itoke upesi. Mshipa uliokatwa kwa kitu butu hujikunja na kuziba, uliokatwa kwa wembe huendelea kuvuja.

A vilikata. B vilikata. D vilikuwa vijiko. C, pamoja na dola zote zile, viliuvuta mpira kama sentimita mbili ndipo vikakata.

Basi nikaketi kunoa C. Jiwe la namba 400, kisha 1000, kisha mkanda wa ngozi. Vyote dola 30. Jioni ya kwanza nilivifanya vibaya zaidi ya nilivyovikuta, kwa sababu mkono ulikuwa ukiinuka mwisho wa kila mvuto na makali yakawa ya duara. Dawa yake ni kalamu ya wino wa kudumu: paka ukingo mzima mweusi, vuta mara tatu, tazama wino umetoka wapi. Ukitoka mabegani tu, umelaza mno. Ukitoka ncha tu, umeinua mno. Baada ya hapo ilikuwa dakika kumi kila kimoja, na sasa vinanyoa nywele za mkono.

Nilijikata kidole gumba nikikifunga B kwa vidole vitupu. Kuna spana ndogo ya plastiki ya dola 5 ya kufungia vyembe. Inunueni ninyi kabla ya damu, mimi nimenunua baada.

7 Septemba: Mfupa na mbao

Duka la nyama halali ninalonunua lilinipa bure mafupa ya bega na mbavu za mbuzi. Niliyafunga mbele ya bonge la foamu, mita 18. Pia niliweka plaiwudi ya milimita 12, moja wima na moja imeinamishwa nusu pembe mraba. Mama watoto alichungulia dirishani, akaona mbavu za mbuzi zinaning'inia, akafunga pazia.

Mbavu: zote zilipita, hata D. Ubavu ni mwepesi kuliko watu wanavyodhani.

Bega, lile bapa: A kilitoboa lakini wembe mmoja ulipinda na mshale ukaingia kwenye foamu nusu tu ya wenzake. Kufungua nyembe kunakula nguvu, na tundu pana linataka kulipiwa. B kilipita, wembe mmoja kati ya tatu ukavunjika ncha. C kilipita kama mfupa haupo.

Plaiwudi ya kuinama ndiyo iliyonifundisha. A kimoja kiliteleza. Wembe mmoja ulishika mbao kabla ya mwenzake, ukaufanya mshale ugeuke, ukagonga kwa ubavu. Niliutazama muda mrefu. Nadhani ndivyo ilivyokuwa Novemba, mbavuni mwa yule mnyama aliyesimama kwa mshazari, ingawa siwezi kuthibitisha. D kilikunja ncha kama unyusi, cha pili kikakatika shingo.

Ila sitaki kutia chumvi. Plaiwudi haina ngozi wala nyama, na hakuna kulungu aliyefunikwa mbao. Jaribio hili linapima nguvu ya chuma, halipimi uwezo wa kuua.

Nikiwa nakusanya vipande nilikumbuka Waata wa bara ya kwetu, upande wa Tsavo, ambao wengi walizoea kuwaita Waliangulu. Waliwinda ndovu kwa pinde za kuvuta zaidi ya ratili 100, na chembe chao kilikuwa chembamba. Hakikuhitaji kukata kwa upana, kwa sababu kazi ya kuua ilikuwa ya sumu iliyochemshwa kutokana na mti. Chembe kilikuwa mbebaji tu. Mimi sina sumu, kwa hiyo makali ndiyo kila kitu nilicho nacho.

14 Septemba: Kwa Maalim

Hatua hii wengine wanaweza kuiruka. Kwangu haikuwa ya kurukwa, maana nyama inaliwa na wanangu.

Nilimpelekea Maalim wa msikiti wetu A, B na D, nimevifunga kwenye gazeti. Hakuuliza bei wala kampuni. Alipitisha kucha kwenye makali, akasema, "Mwanangu, hiki kinaua kwa kukata au kwa kugonga?" Kisha akanisomea hadithi ya Adi bin Hatim, aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu kijiti cha kutupia: kikipiga kwa ncha yake, kula, kikipiga kwa ubavu kikaua, usile, huyo ni mnyama aliyekufa kwa kipigo.

Nilimweleza ile plaiwudi ya kuinama na mshale uliogeuka ubavu. Akacheka, "Basi umekwisha kujijibu." Vya kufunguka havikatazi, alisema, vikifunguka na kukata ni makali kama makali mengine. D alikirudisha akisema hata ndizi hakimenyi.

Mengine niliyoyaandika: bismillahi wakati wa kufyatua, si baadaye. Nikimkuta hai nimchinje, kwa hiyo kisu kiwe kiunoni, kisiwe garini. Nikimkuta kesho yake amekufa na hana alama nyingine ila ya mshale wangu, naruhusiwa. Nikimkuta ndani ya maji, nimwache, maana sijui kilichomuua ni mshale au maji. Shamba ninalowindia lina kijito. Kwa hiyo nataka chembe kitakachomwangusha karibu na kuacha damu ya kufuata.

21 Septemba: Uamuzi

Nimechagua B.

C kilishinda mbao na mifupa, lakini kinadai mishale mipya na ninaye mtoto wa kulea. Tundu la nyembe mbili pia ni mchano mwembamba, unaoweza kufungwa na ngozi, damu ikabaki ndani. A kinaruka vizuri kuliko vyote na tundu lake ni mlango, na mwenye upinde wa ratili 70 anayesubiri mnyama asimame ubavu kamili huenda akakipenda. Mimi wa ratili 60, niliyeona kimoja kimeteleza, sikiamini tena, na imani mkononi wakati wa kufyatua ni sehemu ya shabaha.

B kina tundu la pembe tatu lisilojifunga upesi, hakina kiungo cha kukwama, na wembe ukiharibika nabadilisha. Kasha la nyembe tisa dola 15. Kimoja nimekitia alama ya rangi nyekundu, hicho ni cha mazoezi daima. Viwili vina nyembe mpya na havigusi foamu mpaka siku yenyewe. Mwisho wangu wa kupiga ni mita 23, hata nikimwona dume wa pembe kumi mita 30.

19 Oktoba: Kutu na podo

Mara sita ulingoni, hakuna nilichofyatua. Mara mbili upepo ulinigeuka, mara moja nilisinzia.

Jana usiku nikajaribu mpira kwa vyembe vya kwenye podo, kile kibebea mishale. Havikukata! Nyembe mpya, hazijafyatuliwa hata mara moja. Sababu mbili. Podo langu lina foamu ndani ya kofia yake, na kila gari likitikisika nyembe zinajisugua humo, wiki tatu mfululizo. Halafu kuna umande wa asubuhi. Ukitazama kwa kioo cha kukuzia unaona vidoti vya kahawia kwenye ukingo wenyewe.

Nimebadilisha nyembe zote sita. Nimepaka Vaselini nyembamba, nimechonga foamu ya podo ili chembe kishikwe shingoni nyembe zikae hewani, na garini upinde unalala juu ya blanketi. Sasa mpira unajaribiwa kila Ijumaa usiku. Kama ningepata kulungu wiki iliyopita ningempiga kwa kisu butu nikidhani nina wembe, baada ya miezi mitatu ya kazi hii yote.

2 Novemba: Jike, mita 17

Nilipanda ulingoni gizani, mkanda wa usalama kifuani. Saa mbili kasoro asubuhi walitoka majike watatu kutoka upande wa kijito. Wa pili alisimama ubavu, mguu wa mbele umetangulia. Bismillahi.

Mshale ulipita moja kwa moja na kujichoma ardhini nyuma yake. Aliruka kama aliyepigwa na nyuki, akakimbia, nikasikia matawi, kisha kimya. Nilibaki juu nusu saa kwa saa ya mkononi, jambo ambalo mwaka jana sikulifanya. Nikashuka kuutazama mshale kwanza: damu ya waridi yenye povu, hiyo ni ya mapafu. Ingekuwa nyeusi, ni ini, ningesubiri saa nyingi. Ingekuwa na uchafu wa kijani na harufu, ni tumbo, ningerudi nyumbani na kurejea baadaye.

Damu haikuhitaji macho makali. Ilikuwa pande zote mbili za njia, na kwenye magome kwa urefu wa goti. Hatua tisini nilizihesabu, naye amelala kwenye majani makavu, upande wa huku wa kijito. Amekwisha kufa, kisu nilikuwa nacho kiunoni.

Niliripoti kwa simu siku ileile. Ohio inataka iwe kabla ya saa sita mchana ya siku ifuatayo. Nyama bila mifupa ilikuwa kilo 21. Bega moja limekwenda kwa Mzee, jingine kwa Maalim.

9 Novemba: Chembe baada ya kazi

Nimekiosha B kwa maji ya moto na sabuni. Wembe mmoja una pengo dogo, uligusa ubavu wakati wa kutoka. Nyembe mbili nzima, lakini mpira hazikati tena, ngozi na manyoya yenye mchanga yamezichosha. Nimekizungusha: kimetulia, shingo haikupinda. Nimetia nyembe mpya na kimerudi podoni. Mnyama mmoja hathibitishi kitu, na mshale uliopita katikati ya mapafu ungeua hata kwa A.

Gharama: vyembe vyote 191, kurudisha C 9, mizani 25, kifaa cha kusugulia 32, mishale mitatu 36, foamu 70, mawe na ngozi 30, spana 5, plaiwudi 18, nyembe za akiba 15. Jumla dola 431, leseni na kibali sijavitia. Anayeanza leo akinunua B, mizani, kifaa cha kusugulia, foamu, spana na nyembe za akiba atamaliza kwa dola 187, kwa bei nilizolipa mimi. Mama watoto bado anajua ni 200.

Msimu unaendelea mpaka mapema Februari. A viwili vilivyobaki nimempa Mzee, upinde wake una ratili 70 na yeye hana mashaka navyo. C vimepakwa mafuta vinasubiri siku nitakayonunua mishale migumu. D viko kwenye mkebe wa Kimbo juu ya kabati, na mwanangu ameambiwa asiuguse.